Ameokoka Kweli, Mbona Bado Anapigana?

Somo: Marko 8:22–25, Kumbukumbu la Torati 7:22



Katika ushirika wa Jumatano mama mmoja aliuliza swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni, ila tunaogopa kulisema kanisani. Alisema hivi: "Mzee, kama damu ya Yesu ina nguvu, mbona kijana wangu ameombewa mara tatu na bado anarudi kwa chang'aa?" Watu wakanyamaza. Mmoja akajibu haraka kwamba kijana hakuokoka kwa kweli. Mwingine akasema ni pepo la ukoo, lifungwe. Mama akainamisha kichwa. Jibu la kwanza lilimwambia mtoto wake ni mnafiki, na la pili likamwambia shida imetoka kwao. Hakuna hata moja ambalo angelitumia Alhamisi asubuhi, kijana akiamka na mikono ikimtetemeka.

Mimi naamini mtu anaweza kuokoka kweli kweli na bado akapigana na jambo moja kwa miaka. Naamini pia kwamba kanisa linalotaka mtu abadilike yote kwa siku moja linamfundisha kuficha. Najua kuna watakaosema mzee sasa ameanza kulegeza injili. Wasubiri kidogo, nitafika huko.

Tumtazame yule kipofu wa Bethsaida. Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakupiga kelele za haleluya kwamba anaona kila kitu. Alisema ukweli wake: anaona watu, lakini wako kama miti, tena inatembea. Na Yesu hakumkemea kwa imani ndogo. Alimwekea mikono tena, na ndipo akaona sawasawa. Sasa fikiria kama yule kipofu angeona haya kwa sababu Bwana amesimama hapo na wanafunzi wanatazama, akasema tu, "Nimepona, asante." Angerudi kwao akigongana na watu maisha yake yote, na ushuhuda mzuri mdomoni. Alipata mkono wa pili kwa sababu alikubali kusema kwamba wa kwanza ulikuwa haujamaliza kazi.

Lakini swali la mama bado lipo. Mungu anaweza kufanya mara moja. Mbona asifanye?

Wakati mwingine anafanya. Hapa Musanda tuko na watu ambao hamu ya pombe iliwatoka siku ileile walipookoka, na hatuwezi kuwakana. Ila katika Kumbukumbu la Torati Mungu anawaambia Waisraeli waziwazi kwamba atawafukuza yale mataifa kidogo kidogo, si mara moja, ili wanyama wa mwitu wasije wakaongezeka wakawashinda. Mimi nalipenda sana hilo neno kwa sababu linatoa sababu. Nguvu za Mungu zilikuwepo, ila watu walikuwa bado wachache kuijaza nchi. Nchi ikiachwa tupu ghafla, fisi wanaingia.

Pombe inashika nafasi kubwa kuliko koo. Inashika jioni ya mtu. Inashika marafiki zake, njia anayopitia kutoka sokoni, usingizi wake, hata mahali anapokwenda kuketi akiwa na uchungu. Ukiitoa kwa dakika tano za maombi, hivyo vyote vinabaki vitupu, na Bwana mwenyewe katika Mathayo 12 alisema habari ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa bila mtu, na wageni saba waliokuja baadaye. Sisi tunafagia vizuri sana. Wa kwenda kukaa na huyo ndugu jioni ya Jumatatu ndio hatupatikani.

Kuna na mwili pia. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu ambavyo havipo, kushikwa na kifafa, na wengine hufa. Madaktari wanaijua hali hiyo na wana dawa yake. Ukimwona ndugu katika hali hiyo usikae ukisema pepo linapigana kutoka. Mwombee ukiwa njiani kumpeleka hospitali. Mungu aliyeumba mti wa dawa haoni wivu ukimezwa.

Sisi Wapentekoste tunapenda kusema kwamba mtu akijazwa Roho mambo yamekwisha. Basi tumsome Petro. Huyu alikuwepo siku ya Pentekoste, ndiye aliyesimama akahubiri. Lakini ukifungua Wagalatia 2 unamkuta Antiokia, miaka mingi baadaye, akijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo. Ni woga uleule uliomfanya amkane Bwana kando ya moto. Ulikuwa umepungua, maana sasa alikuwa tayari kufungwa gerezani kwa ajili ya Yesu, lakini mzizi ulikuwa haujakauka. Paulo alimkemea mbele ya watu wote, lakini sioni mahali Petro aliambiwa kwamba ile Pentekoste yake ilikuwa ya uongo.

Watu wa huku tunaelewa mambo ya misimu. Tangu kiwanda cha Mumias kianze kusaga mwaka wa 1973, na hata baada ya kile kiwanda kuwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, sisi bado ni watu wa miwa. Kila mtu anajua muwa unataka kama miezi 18, pengine hadi 24, na palizi juu ya palizi. Tunajua pia kilichotokea viwanda vilipoanza kugombania miwa na mawakala wakakata hata ile michanga. Kwa macho ni miwa. Ikifika kwenye mizani ni myepesi, na sukari ndani ni kidogo. Aliyepata hasara ni mkulima.

Naona tunafanya hivyo na ushuhuda. Mtu anaokoka Ijumaa kwenye kesha, Jumapili tunampa maikrofoni. Anasema amefunguliwa kabisa, tunapiga vigelegele, mchungaji wa sauti anaongeza kinanda. Wiki tatu baadaye anateleza. Sasa atarudije? Alishasema mbele ya watu wote kwamba yamekwisha. Mlango wa kanisa umekuwa mwembamba kwake kuliko mlango wa mama pima. Namjua ndugu mmoja, sitamtaja, aliyepitia hayo mara mbili. Mara ya tatu hakupita mbele kabisa. Alikuja akaketi nyuma, akamwambia shemasi kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi bado nakunywa, lakini nataka kuacha. Mnaweza kunivumilia hivyo?" Kwa maoni yangu huo ulikuwa ushuhuda mkubwa kuliko ile miwili ya kwanza.

Sasa nije kwa wale walioniona nalegeza. Wana hoja, na ni nzito. Ukisema mabadiliko ni ya pole pole, kuna mtu atajificha humo miaka kumi akisema Mungu bado anamshughulikia. Ni kweli. Augustino, yule Mwafrika aliyezaliwa mwaka wa 354 Thagaste, mahali palipo leo nchini Algeria, aliandika katika Maungamo yake kwamba ujanani alikuwa akimwomba Mungu ampe usafi wa mwili, ila asimpe sasa hivi. Mama yake, Monika, alimlilia kwa miaka mingi. Akageuka mwaka wa 386 kule Milano, akabatizwa mwaka uliofuata. Lakini msomaji wa Maungamo anakutana na jambo lingine mbele: yeye huyo, sasa ni askofu, anaeleza vile bado anapigana na ndoto zake, na tamaa ya chakula, na kupenda kusifiwa. Mtu ni mmoja na alisema "bado" mara mbili. "Bado" ya kwanza ilikuwa ya kumkimbiza Mungu. Ya pili alimwambia Mungu mwenyewe, na wasomaji wote wakasikia.

Hapo ndipo mimi huangalia. Anayeahirisha anaomba muda, na hapendi mtu ajue anautumiaje. Anayekua anakuambia ameanguka lini, wapi, na nani alikuwa naye, kabla hujasikia kwa majirani. Amebadilisha njia ya kurudi nyumbani. Ukiuliza mwezi huu una tofauti gani na mwezi uliopita, ana jibu, hata kama ni dogo.

Na jambo moja nisilipite. Uvumilivu tunaompa anayepigana haulipwi na mwili wa mke wake. Mama anayepigwa, au watoto wanaolala njaa kwa sababu pesa imeishia kwa mtungi, hao hawaambiwi wangoje mavuno. Mama huyo atoke aende mahali salama, na akitaka kwenda kwa chifu au polisi, wazee wa kanisa wamsindikize. Mungu anaweza kumgeuza mume taratibu mke akiwa kwa ndugu zake.

Nikirudi kwa yule ndugu wa benchi la nyuma. Yeye ni mtu wa boda boda, na pesa ya boda boda huja kila siku, si kama ya miwa iliyokuwa ikikawia. Kwa hiyo kila jioni ni jioni ya majaribu. Sasa ikifika saa kumi na moja anatuma karibu yote kwa M-Pesa ya mke wake, anabakisha ya mafuta. Jirani yake, ambaye ni mshirika wetu, humpigia simu saa kumi na mbili kama bado hajafika nyumbani. Ameanguka mara mbili tangu Pasaka, na mara zote mbili alisema mwenyewe. Zamani ilikuwa mara nne kwa wiki.

Kuna wanaouliza kama anafaa kuimba na kwaya. Yeye mwenyewe hajaomba kwaya. Alichoomba ni mtu wa kukaa naye Jumamosi jioni, siku ya soko, kwa sababu yule jirani huwa kazini mpaka usiku. Mpaka ninapoandika haya hakuna aliyejitolea. Anayeweza, aongee na shemasi baada ya ibada.