Deni Lisiloishia Kwenye Lango la Gereza

Mtu anayeachiliwa kutoka gereza la Kisangani akiwa na ugonjwa wa sukari, na kwao ni Yanonge, ana kilomita zipatazo 60 za kwenda, kwa barabara au kwa mto. Je, mamlaka iliyomfunga ina wajibu gani kwake akishavuka lango? Wengi watajibu kwamba haina tena: kifungo kimekwisha, kila mmoja ashike njia yake. Mimi nasema wajibu upo, tena ni wa haki kabla ya kuwa wa huruma. Anayekabidhiwa kitu cha mwenzake hukirudisha katika hali ambayo mwenyewe ataweza kukitumia, na dola iliyouchukua mwili wa mtu haiwezi kuwa na wajibu mdogo kuliko huo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 18, inataka kila aliyezuiliwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Na tukumbuke kwamba wengi waliomo katika magereza ya nchi hii hawajahukumiwa bado.

Ugonjwa wa sukari unaonyesha wajibu huo waziwazi kuliko maradhi mengi, kwa sababu dawa yake haitenganiki na chakula. Chukua kidonge cha glibenklamidi. Kikishamezwa, hulazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Gerezani, ambako mara nyingi chakula ni mlo mmoja kwa siku pamoja na kile ambacho ndugu wameweza kuleta, dozi hupangwa kwa njaa hiyo. Kisha mtu anafika nyumbani. Mama na dada zake wanataka arudishe mwili: bugali wa muhogo, wali, ndizi, chai yenye sukari nyingi. Sukari inapanda. Au anaingia msituni alfajiri kukata miti ya makala bila kutia kitu tumboni, na ile dozi ya jana inamwangusha: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, na walio karibu wanadhani amelewa au amerogwa. Iwe hivi au vile, dozi haiendani tena na maisha anayoishi. Anayeweza kuirekebisha ni muuguzi mwenye kipima sukari, anayejua kusoma namba, kuuliza mgonjwa amekula nini, na kukagua nyayo na nafasi kati ya vidole kabla kidonda hakijaoza. Maombi hayawezi kuchukua nafasi ya kazi hiyo, wala upendo wa mama.

Makanisa yetu husoma sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, na kwaya huenda gerezani na sabuni na mchele. Ni jambo jema. Lakini tumezoea kumhubiri mgonjwa na mfungwa kama watu wawili, hata hatumtambui yule aliye wote wawili kwa pamoja, na siku anapotoka tunamwona hana tena haja ya kutembelewa. Waraka kwa Filemoni unafundisha vingine. Paulo, akiwa mwenyewe kifungoni, anamrudisha Onesimo kwa bwana wake, naye hamwachi aende mikono mitupu: anaandika barua, na deni lolote analitwaa yeye. Barua ya tiba inayotoka kwa muuguzi wa gereza kwenda kwa muuguzi wa kituo cha afya ingefuata mfano huohuo.

Kuna pingamizi zito: Yanonge ina wagonjwa wa sukari ambao hawajamwibia mtu, na hakuna anayewafuata nyumbani. Kwa nini aliyetoka gerezani atangulizwe? Pingamizi hili lingenishinda kama ningedai huduma yake peke yake. Ninachodai ni barua, dawa za wiki chache za mwanzo, na miadi, kwa kuwa dola ndiyo iliyomzuia asijitafutie. Vipimo na ujuzi vikae katika kituo cha afya, ambako fundi pikipiki na muuza samaki watavitumia vilevile.

Wengine watasema haiwezekani, vijiji viko mbali na wauguzi hawalipwi. Ni kweli wengi huishi kwa ada za wagonjwa, na hilo ni dhuluma inayopaswa kurekebishwa. Lakini umbali hauwezi kuwa sababu kwenye mto huu. Katika miaka ya 1920, daktari Clement Chesterman wa misheni ya Yakusu, kati ya Kisangani na Yanonge, aliwafundisha wauguzi Waafrika, na zahanati za vijijini zikawachoma sindano za malale wagonjwa wiki baada ya wiki. Utawala wa kikoloni ulitaka nguvu kazi, sisi tuna sababu bora zaidi.

Linabaki lile linalonitia wasiwasi mwenyewe: kumfuata mtu nyumbani kunaweza kuwa kifungo cha pili. Ndiyo maana barua lazima ifungwe, aibebe mgonjwa mwenyewe, na ndani yake yaandikwe majina ya dawa, dozi, vipimo vya mwisho na hali ya miguu, bila neno hata moja kuhusu kosa. Asipotaka kuitoa, ni haki yake. Muuguzi wa Yanonge hana haja ya kujua mgonjwa alikuwa wapi, ila alikula nini jana na alimeza dawa saa ngapi.