Maradhi Njiani: Wajibu wa Msafiri na Wajibu Wetu Kwake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa Kitui na Makueni wajua kwamba nchi yao ni nchi ya njia. Njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Na ile iendayo Garissa hupita Mwingi. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita kwetu usiku na mchana, na madereva wake hula kwetu na kulala kwetu. Hiyo ni neema, na wengi wapata riziki kwayo. Lakini njia haichagui. Ile ipitishayo mahindi na saruji ndiyo ipitishayo maradhi.

Kwa hivyo yatupasa tuijue sheria ya nchi katika jambo hili. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921, katika kifungu cha 28 yamkataza mwenye maradhi ya kuambukiza kupanda gari la abiria pasi na kumwarifu kwanza mwenye gari, dereva au utingo. Akificha ni mkosa, na mahakama humlipisha hasara ya kulisafisha gari hilo. Na kifungu kinachofuata chamlazimu mwenye gari kulisafisha kwa dawa baada ya kumchukua mgonjwa.

Muislamu asiione sheria hii kuwa ni jambo geni. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuingia katika nchi yenye tauni, na akatukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Tena akakataza wanyama wagonjwa wasipelekwe penye wazima. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alishauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, kisha akaamuru msafara urudi. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine, na zote ni za Mungu.

Basi anayesema, "Ajali haina kinga, na mimi nitasafiri," huyo hakutawakali. Amewahatarisha watu kumi na wanne wasiokuwa na habari. Ajali yake ni yake na Mola wake, lakini pafu la jirani yake garini si mali yake.

Hayo ni ya msafiri. Sasa tuseme yetu, nayo ndiyo mazito zaidi.

Tukumbuke mwaka 2020. Tarehe 6 Aprili ilipigwa marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Siku mbili baadaye zikafungwa Mombasa, Kwale na Kilifi, na Nairobi na Mombasa hazikufunguliwa mpaka tarehe 7 Julai. Makueni ikawa katikati, huku kumefungwa na huku kumefungwa. Matatu ya abiria kumi na wanne ikaamriwa kuchukua wanane, na nauli zikapanda. Mizigo peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kupita, kwani watu hawana budi kula. Wako waliojificha ndani ya malori hayo, na wako waliofuata njia za panya. Na dereva wa lori, aliyetuletea unga, akawa ndiye anayenyooshewa kidole kama kwamba yeye mwenyewe ni maradhi.

Tujiulize kwa nini watu walijificha. Wengine ni kwa ukaidi, hapana shaka. Lakini wengi walikimbia njaa. Utingo alipwaye kwa siku, akisema kweli kwamba ana homa, jioni hiyo watoto wake hawali. Sheria yamwadhibu afichaye, na hiyo ni haki. Je, asemaye kweli apata nini? Akifukuzwa kazini, akakimbiwa na wenye nyumba za kulala, basi sisi ndio tuliomfundisha kusema uwongo, na safari ijayo atanyamaza. Kizuizi cha polisi hupima joto la mwili. Hakipimi ukweli wa mtu. Ukweli huo hulindwa na watu wanaomzunguka.

Na mfano tunao kwa Umar huyo huyo. Katika miaka hiyo hiyo Hijazi ilipatwa na njaa kuu, mwaka uitwao wa Ramada, naye akaagiza misafara ya chakula kutoka Sham na kwingineko, na mwenyewe akajinyima samli mpaka watu waipate. Aliyeurudisha msafara kwa ajili ya tauni ndiye aliyeuita msafara kwa ajili ya njaa. Hayo mawili ni amri moja, na atakayeshika la kwanza akaliacha la pili ameshika nusu.

Tena Kurani imemtaja msafiri aliyekatikiwa katika mafungu manane ya zaka. Kwa rai yetu, dereva aliyezuiliwa njiani kwa amri ya afya, asiyeweza kuendelea wala kurudi, wala hana masurufu mkononi, huyo ndiye fungu hilo hasa. Wala asiulizwe kabila lake. Aulizwe haja yake. Na ni aibu kwetu kwamba pale Makindu hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, lina sifa ya kumlisha kila mpita njia bila kumuuliza dini yake, na sisi tunaosoma aya hiyo hatujaweka hata sufuria moja kwa ajili ya kazi hiyo.

Maradhi mengine yatakuja. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, naye alionekana mpakani Taveta, akiwa msafiri. Basi kamati za misikiti ya mijini kote njiani, kutoka Mtito Andei hata Emali, na Kitui na Mwingi, zitenge sasa fungu la msafiri, zipatane na zahanati iliyo karibu juu ya mahali pa kumweka mgonjwa, na zimtangazie kila dereva kwamba asemaye kweli hapa halali njaa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika safari zetu, na wenye huruma kwa wasafiri wa wenzetu. Amin.