Maziko ni ya nani?

Nchini Poland, iliyopokea ubatizo mwaka 966, wako leo watu wachache walioirudia miungu ya Waslavi wa kale, ambao walichoma maiti zao kwa moto. Mmoja wao akifa, na mama yake ni Mkristo, je, azikwe kwa ibada ipi?

Moto wenyewe si kizuizi: tangu mwaka 1963 Kanisa huruhusu kuchoma maiti, ila si kwa kuukana ufufuko. Shida ni msalaba. Mama autaka, mwana aliukataa alipokuwa hai. Kumzika chini ya alama aliyoikataa ni kumsemea uongo asiyeweza tena kujibu.

Basi mama na amsindikize mwanawe, amlilie, amwombee moyoni. Sala haihitaji idhini ya mtu. Bali imani hailazimishwi, hata kaburini.