Tawakali na Kashata za Tairi

Mtu anayemtegemea Mungu anunue tairi la bei gani? Tanga nilikozaliwa swali hili lingechekesha, maana wengi wetu hubadili tairi likishapasuka, na lililobaki na kashata kidogo hupata mnunuzi wake. Hapa Minneapolis, ninakoishi na kuhudumia wazee majumbani mwao, swali hunijia kila mwaka majani ya miti yakianza kupukutika. Theluji huanza kuanguka Novemba au kabla, na Aprili bado inaweza kukukuta. Njia ziko tatu: kuendelea na matairi ya misimu yote yaliyokuja na gari, kununua seti ya matairi ya theluji yenye ringi zake, ya kufunga na kufungua kila msimu, au kukaa katikati, uchukue ya misimu yote yaliyopimwa kwenye theluji kwa bei unayoimudu.

Sheria hainisaidii kuchagua. Jimbo la Quebec kule Kanada linamlazimisha kila mwenye gari dogo kufunga matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota haidai hivyo. Inataka tu kina cha kashata kisipungue 2/32 ya inchi, yaani kama milimita 1.6. Yaliyobaki imeyaacha kwa dhamiri ya mtu na mfuko wake.

Mjomba wangu, aliyefundisha madrasa Chumbageni, kulekule Tanga, tangu sijazaliwa, ana jibu moja kwa habari zote za barabarani: ajali haina kinga. Nilipompigia kumwambia kuwa mchango wangu wa paa la madrasa utachelewa kwa sababu ya matairi, hakukasirika. "Mwanangu," aliniambia, "siku yako ikifika, hata ukifunga matairi ya dhahabu utaondoka tu." Simzidi elimu, nikajibu kwa adabu, "Ndiyo, Mjomba." Ila neno lake lina pande mbili, nami nakubali mmoja. Kwamba saa ya kufa imeandikwa, naamini. Kwamba kwa hiyo tairi lolote ni sawa na jingine, hapana.

Waislamu tunaikimbilia hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache huru na atawakali. Aliambiwa amfunge kwanza. Tumeisikia kwenye hotuba mpaka tumeizoea kama salamu. Lakini huenda muulizaji yule alikuwa na kamba moja tu. Mimi nimesimama kwenye duka zima la kamba, za dola 80 na za dola 200, na kila muuzaji anaapa kuwa ya kwake haikatiki. Hadithi imeniamuru nifunge. Kamba gani, imeniachia mwenyewe.

Aliyenifaa zaidi hapo ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya Ulumuddin, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakali, anazigawa sababu daraja tatu. Zipo za yakini: mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono eti anamtegemea Mungu, kwake ni mwendawazimu. Zipo za dhana yenye nguvu, kama kubeba masurufu ya safari ya jangwani. Ukiyabeba, tawakali yako haijavunjika. Na zipo za kuwaziwa tu, ambazo mtu hushikamana nazo bila kujua kama zinaleta chochote. Tena anasema kulala chini ya ukuta ulioinama, au kwenye njia ya mafuriko, kumekatazwa. Utulivu wa moyo wa aliyelala hapo haubadilishi hukumu.

Nilikwenda dukani na daraja hizo tatu kichwani. Kabla ya kuingia niliinama penye tairi langu la mbele, nikaitumbukiza sarafu ya robo dola kwenye mfereji wa kashata, kichwa cha George Washington kikiangalia chini. Mpira ukigusa nywele zake, kina kilichobaki ni 4/32 ya inchi au zaidi. Usipozigusa, theluji haina pa kuingia na tairi huanza kuelea juu yake. Langu halikugusa. Kisheria lilikuwa bado halali, na polisi asingekuwa na neno nami. Kwa kipimo cha Ghazali nilikuwa nimeegesha chini ya ukuta ulioinama.

Ndani, daraja la pili lilikuwa rafuni. Mpira wa kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na hapa usiku wa Januari wa nyuzi 20 chini ya sifuri haumshangazi mtu. Matairi yaliyotengenezwa kwa baridi yana mpira unaobaki laini, na kashata zake zimekatwa mikato myembamba mingi inayofunguka na kuuma theluji. Ubavuni, tairi lililofaulu mtihani lina mchoro wa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Maana yake ni kwamba kwenye theluji iliyoshindiliwa lilivuta kuliko tairi la kulinganishia kwa asilimia 10 au zaidi. Hata hivyo mtihani wenyewe ni wa gari kuondoka. Kusimama, kukata kona na kupita juu ya barafu havikupimwa. Kwa hiyo nililiweka kwenye dhana yenye nguvu, sikulipandisha kwenye yakini.

Daraja la tatu nilielezewa kwa ufasaha na kijana wa Mombasa anayeuza pale. "Dada, tazama, M+S, matope na theluji, imeandikwa kabisa. Watu wote wanatembelea hizi." Herufi hizo hueleza umbo la kashata tu, hakuna anayelazimika kulipeleka tairi kwenye theluji kabla ya kuziandika. Mteja aliyesimama nyuma yangu akadakia kuwa yeye hana wasiwasi, gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne. Kuvuta, sawa. Lakini kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne, na breki hizo zinategemea mpira uliogusa chini. Herufi na mvuto wa magurudumu manne nikaviweka fungu moja na hirizi inayoning'inia kwenye kioo.

Msomaji asidhani naandika kama mtu mwenye fedha. Seti ya theluji pamoja na ringi zake ingemeza sehemu kubwa ya mshahara wangu wa mwezi, na katika chumba cha kupanga sina pa kuyaweka matairi manne kiangazi chote. Fedha yenyewe ni ileile ya paa la madrasa na karo ya mtoto wa dada yangu. Qur'ani inatufundisha kuwa Mungu hamtwishi mtu zaidi ya uwezo wake, na sisi wenye mifuko myepesi tumezoea kuligeuza fundisho hilo kuwa ruhusa. Mimi nalielewa hivi: wajibu wangu unaweza kupungua kwa kadiri ya uwezo, lakini hatari ninayowatwisha wengine haipungui eti kwa sababu sina fedha.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, gari lililokanyagwa breki kwa nguvu husimama ndani ya mita 13 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa huhitaji karibu mara tatu ya hapo, na kwenye barafu zaidi sana. Mita hizo za nyongeza zina watu ndani yake. Alfajiri, Lake Street, kuna mzee wa Kisomali anayetoka msikitini akivuka na mkongojo wake. Tawakali ni baina yangu na Mola wangu, na shingo yangu naweza kusema nimemkabidhi Yeye. Shingo ya mzee yule sina idhini ya kuiweka rehani.

Hapo ndipo methali ya Mjomba inaponishinda. Hakuna anayeamini kadari kuliko Qur'ani yenyewe, lakini aliyeua kwa kukosea haachiwi aende zake kwa kuwa siku ya marehemu ilikuwa imefika. Sura ya Nisaa imempangia diya kwa wafiwa isipokuwa wakisamehe, na kafara juu yake: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza, kufunga miezi miwili mfululizo. Kifo kimeandikwa, na mkono uliokisababisha bado unadaiwa. Kama kadari ingekuwa utetezi, hukumu hiyo ingekosa wa kumhukumu.

Basi nilichukua matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima, ya kampuni isiyo na jina kubwa, kwa zaidi kidogo ya dola 100 kila moja. Nilichukua manne, kwa sababu ukiweka mapya mbele na kuacha yaliyoisha nyuma, mkia wa gari huteleza kwenye kona. Nilisoma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, maana mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Upepo naupima kila baridi inapokaza, kwani hushuka pamoja na joto. Paa la madrasa lilisubiri, na Mjomba hakunilaumu.

Hata hivyo ziko asubuhi ambazo mvua imeganda juu ya lami, na kashata ya bei yoyote haifui dafu. Wenzangu wengi huondoka tu, wakisema wametawakali. Wanaogopa kupoteza zamu, na mimi naogopa vilevile, kwa kuwa zamu usiyofanya hulipwi. Lakini angalia walikomweka Mungu: wanamwamini kwenye breki, hawamwamini kwenye mshahara. Gari kusimama juu ya barafu hakutuahidi, riziki ametuahidi. Asubuhi kama hizo nampigia msimamizi mapema. Mzee ninayemhudumia akiwa karibu na kituo, napanda treni ya Green Line hadi St. Paul, akiwa mbali, namwomba mwenzangu wa mtaa uleule anishikie zamu, asije akakosa dawa zake, na malipo ya siku hiyo yanakuwa yake. Mshahara unapungua, karo inabaki na pengo. Pengo hilo ndilo ninalomkabidhi Mungu.