Miche 300 ya Salmaan





Kando ya barabara za Kampala ipo miti mikongwe kuliko wazazi wetu, hiyo ambayo kaloli hujenga viota juu yake. Matawi yanakauka, shina linaoza ndani kwa ndani, na siku ya mvua ya upepo mti unaanguka juu ya kibanda cha muuza chapati. Tufanyeje? Abu Dawud amepokea hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi, naye mwenyewe akafafanua kuwa ni ule wa jangwani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukikatwa kwa dhuluma. Na katika Sahihi ya Muslim, kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi mti uliooza ukatwe, lakini kivuli ni haki ya wapita njia, kirudishwe. Tukifika hapo tunaambiwa hakuna pesa.

Hoja hiyo mimi siikubali. Imam Ahmad amepokea kisa cha Salmaan al-Farisi (r.a.), aliyekuwa mtumwa Madina. Bwana wake alimwandikia ajikomboe kwa mitende 300 na wakia 40 za dhahabu. Mtume (s.a.w.) akawaomba maswahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa uwezo wake. Salmaan akachimba mashimo, wenzake wakimsaidia, na Mtume akaipanda kwa mkono wake. Haukufa hata mmoja. Dhahabu ilikuja baadaye.

Nasi miche tunayo. Chini ya mjakaranda yamelala maganda yenye mbegu. Tuyaokote, tuzioteshe kwenye viriba. Mutuba ni rahisi zaidi: Waganda, ambao gome lake ndilo nguo yao ya jadi, hukata tawi nene wakalisimika ardhini, likachipua. (Ila msiusimike karibu na mtaro au bomba; mizizi yake haina adabu.) Wala tusingoje mkongwe aanguke. Mche upandwe jirani yake leo, ili siku ya kumkata mzee, mtoto awe ameshatoa kivuli.

Gharama yenyewe iko katika kumwagilia na kulinda miaka miwili mitatu ya mwanzo, na hapo ndipo miche mingi inapofia. Sasa tazameni maji ya udhu, yasiyo na sabuni, yanavyokwenda mtaroni mara tano kwa siku. Yakikingwa, jerikeni moja ya lita 20 inanywesha miche kadhaa wakati wa kiangazi. (Mtume alitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Sisi na mabomba yetu, hayo tutayazungumza siku nyingine.) Na mlinzi? Vijana wa bodaboda wanashinda stegini wakitafuta kivuli. Waombeni kwa heshima, kila stegi ikabidhiwe mche wake, na mwanafunzi mmoja awe anapita kila Ijumaa baada ya swala kuutazama. Mbuzi wazuiwe kwa uzio wa fito.

Mvua za masika huanza Machi, kwa hiyo mashimo yachimbwe Februari. Mwenye jembe aje nalo. Asiye nalo abebe jerikeni.