Jimbo Moja

Uchaguzi mdogo ukifanyika popote nchini, kijiweni Kisaki Stesheni, Morogoro, hapakosi mtu wa kutangaza kwamba nchi imeshaondoka. Matokeo ya jimbo la mbali yanaingia kwa simu, na kabla chai haijapoa mtu ameshahesabu mikoa, amegawa wizara na kumwapisha rais mpya. Nawapenda vijana wanaozungumza hivyo, maana bado wanaamini kwamba kura ina nguvu. Kwa ajili hiyo nataka wakijue kisa cha Temeke, ambacho wengi wao kiliwapita kabla hawajazaliwa.

Augustine Mrema alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Mapema mwaka 1995 alikwaruzana na wakubwa wenzake, akatoka chama tawala, CCM, na kujiunga na chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi. Kampeni zake za urais mwaka huo zilitikisa nchi. Watu walitaka gari lake lizimwe injini ili walisukume wenyewe kwa mikono. CCM ilibidi imtegemee Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amekwisha kustaafu, azunguke kumnadi mgombea wake, Benjamin Mkapa. Kura zilipohesabiwa Mkapa alipata asilimia 61.8 na Mrema asilimia 27.8. NCCR ikapata viti 16 vya majimbo, na CCM 186.

Dar es Salaam uchaguzi huo wa 29 Oktoba uliharibika. Vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kwa wakati, watu wakasimama juani mpaka jioni. Tume ya Uchaguzi ikafuta matokeo ya majimbo yote 7 ya jiji na kuamuru kura zipigwe upya tarehe 19 Novemba. Vyama vingi vya upinzani vikasusia marudio hayo, na CCM ikachukua viti vingi. Wakazi wengi wa jiji walibaki na donge.

Mwaka uliofuata kiti cha Temeke kikawa wazi. Oktoba 1996 Mrema akasimama, na CCM ikamsimamisha Abdul Cisco Mtiro. Mrema akashinda. Furaha ya siku ile, waliokuwapo wanaikumbuka hadi leo. Ndani ya makao makuu ya nchi kibiashara, mbele ya serikali yenye mwaka mmoja tu madarakani, chama tawala kilikuwa kimeangushwa hadharani na mtu kiliyedhani kimemmaliza. Wapinzani waliutazama mwaka 2000 kama tarehe ya kuhamia Ikulu.

Hapa ndipo naomba msomaji asimame kidogo. Temeke ilikuwa imesema nini hasa? Kwa maoni yangu ilisema mambo ya Temeke. Ilijibu dhuluma ya mwaka uliopita, ilijibu vituo vilivyochelewa kufunguliwa na kura zilizofutwa, na ilimpa kiti mtu mashuhuri aliyekuja kuomba kura mtaa kwa mtaa. Mkulima wa ufuta huku kwetu Ukutu, ambaye hoja yake ni tembo wanaoingia shambani na barabara ya Mvuha inayokatika masika, hakuwa ameulizwa chochote. Hakuna kura yake iliyohesabiwa Temeke. Lakini viongozi wa NCCR waliyasoma matokeo yale kama barua iliyotiwa saini na nchi nzima, na mtu anayeamini kwamba ameshashinda haoni tena haja ya kufungua tawi kijijini Gomero.

Viongozi hao wakaanza kugombea kitu ambacho hawajakipata. Mrema alikuwa mwenyekiti wa chama. Katibu Mkuu alikuwa Mabere Marando, wakili, mmoja wa waliokiasisi chama kabla Mrema hajafikiria kuhama CCM. Upande mmoja uliona kwamba chama ni Mrema, kwa sababu ndiye anayejaza viwanja na ndiye aliyeikomboa Temeke. Upande wa pili uliona kwamba Mrema ni mgeni aliyekaribishwa ndani ya nyumba waliyoijenga wenyewe. Pande zote zilikuwa na hoja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 1997 kikao cha viongozi wa juu kilichofanyika Tanga kilivunjika kwa vurugu. Yakafuata matamko ya kufukuzana na kesi mahakamani. Wanachama wa mikoani, waliochanga shilingi zao kununua bendera, wakawa hawajui wamtii nani.

Mwaka 1999 Mrema akahamia chama kingine, TLP. Kwa sheria yetu mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, kiti nacho kinamwacha. Ndivyo ushindi wa Temeke ulivyotoweka, bila CCM kuhitaji kuuvunja. Uchaguzi mkuu wa 2000 ulipopita, Temeke ilikuwa mikononi mwa CCM. Mkapa alipanda hadi asilimia 71.7, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF akawa wa pili kwa asilimia 16.3, na Mrema, yule aliyesukumwa na umati miaka mitano nyuma, akapata asilimia 7.8. NCCR ya viti 16 ilirudi bungeni na kiti kimoja cha jimbo.

Sisemi kwamba kosa lote lilikuwa la wapinzani. Uwanja haukuwa sawa wakati ule, na umeendelea kutokuwa sawa: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya kampeni, na chama cha upinzani cha Chadema kikajitoa. Mambo hayo lazima yasemwe, tena kwa sauti. Lakini chama kilichoenguliwa mgombea Gomero kilikuwa angalau na mgombea wa kuenguliwa. Chama kinachogombana Tanga hakina hata huyo.

Watu wa Kisaki wana mfano wao wa ushindi mmoja usiomaliza vita, ingawa ulitokana na bunduki na si kura. Septemba 1916 vikosi vya farasi vya Afrika Kusini, chini ya Jenerali Smuts, vilishuka kuizunguka milima ya Uluguru kwa njia mbili tofauti vikiwafuata Wajerumani. Havikuwasiliana vizuri. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akiwa hapa Kisaki alikipiga kikosi cha kwanza, kisha siku iliyofuata akakipiga cha pili. Ulikuwa ushindi kamili wa siku mbili. Haikupita muda mrefu akaihama Kisaki na kurudi nyuma hadi mto Mgeta, kwa sababu adui alikuwa akisonga upande wa Dutumi na njia zake za chakula zilikuwa hatarini. Vita ilipokwisha mwaka 1918 Ujerumani haikubakiwa na koloni hata moja. Na waliolipia ushindi ule ni wapagazi na wakulima ambao nafaka yao ilichukuliwa na majeshi yote mawili.

CCM, kwa upande wake, huwa inausoma uchaguzi mdogo kwa macho mengine. Ikishindwa, inatuma watu kuuliza nani alinuna na kwa nini: mgombea aliletwa kutoka juu? Maji yaliahidiwa yasifike? Halafu inarudi kwenye mashina. Ina balozi wa nyumba kumi anayewajua watu wake kwa majina, anayehudhuria misiba yao, na anayebaki pale pale mikutano ya hadhara ikiisha na magari yenye vipaza sauti yakirudi mjini. Unaweza kuuchukia mfumo huo, na zipo sababu za kuuchukia, lakini huwezi kuushinda kwa kupiga picha za umati.

Chadema iliwahi kulielewa hili, na ililielewa vizuri zaidi iliposhindwa. Oktoba 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge wa Igunga, chama hicho kiliingia kwenye jimbo ambalo hakikuwa na mizizi na kikapata kura 23,260 dhidi ya 26,484 za Dk. Dalaly Kafumu wa CCM. Kilishindwa, ila kiliondoka Igunga kikiwa na matawi na vijana waliojifunza kulinda kura. Tarehe 1 Aprili 2012 Joshua Nassari akamshinda Sioi Sumari huko Arumeru Mashariki kwa kura 32,972 dhidi ya 26,757, katika kiti kilichoachwa na marehemu baba yake Sioi. Safari hiyo ushindi haukukaliwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo chama kilikuwa Morogoro, kikizunguka vijijini kuandikisha wanachama. Mwaka 2015, kikiwa ndani ya muungano wa wapinzani wa Ukawa na mgombea aliyetoka CCM, Edward Lowassa, upinzani ulifika asilimia 39.97 ya kura za urais, kiwango ambacho Mrema hakuwahi kukikaribia.

Jimbo lenyewe la Arumeru halikudumu. Machi 2019 Spika alitangaza kiti cha Nassari kuwa wazi kwa kukosa mikutano mitatu ya Bunge, mgombea wa CCM akapita bila kupingwa, na mwaka 2021 Nassari mwenyewe akawa mkuu wa wilaya ya Bunda. Kilichosukuma zile asilimia 39.97 ni kazi iliyofanywa katika majimbo mengine, huku watu wakiwa bado na moto wa Arumeru.

Kwa hiyo matokeo ya jimbo la mbali yakiingia tena kwenye simu pale Stesheni, shangilieni, ni haki yenu. Kisha mtu aulize katika kijiwe hicho hicho: wakala wetu wa kituo cha Gomero ni nani, ameshajifunza kuisoma fomu ya matokeo, nani atampikia siku hiyo asiondoke kituoni kwa njaa, na nakala ya fomu ile itafikaje Mvuha usiku kama mvua imekata barabara?