Jembe la Siku ya Tatu

Kwenye mikutano ya programu huria, swali gumu kuliko yote haliulizwi ukumbini. Huko ndani watu huulizana kuhusu kasi, usalama na matoleo mapya. Swali gumu huulizwa nje, kwenye korido, mbele ya meza yenye kitambaa kilichokunjamana na bakuli la pipi, na anayeuliza mara nyingi ameshachukua stika mbili na yuko njiani kuondoka. Hatua tatu mbele anageuka: "Sasa nyie mnapata nini?"

Nimelisikia swali hilo mara nyingi tangu Agosti 2018, pale FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, ulipofanyika Dar es Salaam kwenye Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nimepangwa zamu kwenye meza ya wachoraji wa OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, kuirekebisha na kuitumia. Kauli mbiu ya mkutano ilikuwa kwamba asiachwe mtu nyuma. Kazi yangu ilikuwa nyepesi: kulinda ekstensheni isichukuliwe na meza ya jirani, kugawa stika, na kumfungulia kila anayepita ramani ya kijiji chake. Hiyo ya mwisho ndiyo silaha ya banda. Mwambie mtu "tuonyeshe kwenu" na hataondoka kabla hajapata mti wa embe wa babu yake.

Banda la kampuni na banda la jamii hukaa ukumbi mmoja lakini si ndugu. Kijana wa kampuni anajua anauza nini, analipwa kwa siku, na jioni akifunga bango lake biashara imekwisha. Anayekaa kwenye banda la jamii anagawa kitu kilichotengenezwa na maelfu ya watu ambao hajawahi kuwaona. Hakuna aliyemchagua awasemee. Kwa kawaida halipwi. Na anachogawa kina sifa moja inayomtia mtu wa kwetu wasiwasi: ni cha bure.

Wasiwasi huo nauheshimu. Sisi tumeona vya bure vingi. Tumeona fulana za kampeni, semina zinazoanza na chai na kuishia kwenye fomu ya kujiunga na biashara ya kuuza virutubisho, miradi inayokuja na magari meupe na kuondoka nayo. Mtanzania akiambiwa kitu ni bure, kwanza anatazama mlango uko wapi. Watu wa mabanda hulalamika kwamba vijana hawana imani. Mimi naona ni akili tu.

Tena neno "bure" halimshawishi mtu kama wageni wanavyodhani. Siku moja nilimweleza mwanafunzi mwenzangu kwamba programu hii hailipiwi hata senti. Akaigonga laptopu yake kwa kidole: "Hata hizi za kwangu sikununua." Alikuwa sahihi. Kwenye vijiwe vya stationari nje ya vyuo, programu za bei mbaya huingizwa kwa flashi, na hakuna anayeuliza leseni. Kwa hiyo kama hoja ya banda ni bei, banda limeshashindwa. Hoja inayobaki ni uhuru: kufungua kitu ukaona kilivyo ndani, ukakibadilisha, ukampa jirani bila kujificha. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, ndiyo maana wenzetu wamebishana miaka mingi kutenganisha kilicho huru na kisicho na bei. Sisi lugha ilitutenganishia zamani, na ikaongeza onyo lake, kwamba "bure" pia ni kitu kisicho na maana. Walioliona hilo mapema walikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Isingekuwa huria, wasingekuwa na ruhusa ya kuitafsiri.

Lakini uhuru nao una gharama yake, na hapo ndipo swali la korido linapouma. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Stika, pipi na ramani ya kijiji ni siku mbili za mgeni. Siku ya tatu banda linatoa jembe: fungua akaunti, chora nyumba kumi, tafsiri kurasa hizi, rekebisha kosa hili. Jamii ya programu huria haiishi kwa watumiaji, inaishi kwa wenye majembe, na banda lipo ili kuwapata. Ni halali kumpa mgeni jembe? Na unapompa, una wajibu wa kumwambia nini kuhusu shamba?

Naliuliza kwa sababu ya jibu moja ambalo nimelisikia likitolewa kwenye mabanda mengi, na watu wema kabisa. Kijana anauliza: "Nikifanya hii, ajira ipo?" Anajibiwa: "Utajenga jina lako." Ni jibu la ustadi. Si uongo, maana wapo waliojenga jina wakapata kazi, na kila banda lina mmoja wa kumtolea mfano. Ila kijana hakuuliza kama inawezekana. Aliuliza kama ipo. Anayejibu anajua kwamba kwa kila aliyepata kazi wapo wengi waliochora barabara usiku kwa bando la kukopa, kisha wakamaliza chuo, wakarudi nyumbani, na jina lao likabaki kwenye ramani bila kuwafikisha popote.

Jembe hilo halina uzito mmoja kwa kila mkono. Mhandisi mwenye mshahara huko Ujerumani akitoa saa mbili za Jumamosi, anatoa starehe yake. Mwanafunzi anayepima bando lake kwa megabaiti anatoa kitu kingine. Halafu wote wawili wanaitwa "wachangiaji", kana kwamba wamechanga sawa.

Na wanaokula ni akina nani? Leseni ya OpenStreetMap inaruhusu yeyote kuitumia ramani, hata kibiashara, mradi aitaje na arudishe kwa masharti yale yale atakachoongeza kwenye data. Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walitangaza kuanzisha Overture Maps Foundation, mradi wa data za ramani ambao sehemu yake hutoka kwenye OpenStreetMap. Sisemi ni wizi. Ni matumizi halali, na baadhi ya kampuni hizo hurudisha kazi kubwa. Lakini kijana aliyesimama mbele ya meza, aliyetoka kuuliza kuhusu ajira, ana haki ya kujua kwamba kati ya watakaotembea kwenye barabara aliyoichora wamo matajiri wa dunia.

Rafiki yangu tunayesoma naye falsafa huniambia naongeza chumvi. Hakuna aliyeshikiwa panga, anasema. Anayejitolea amejitolea. Hoja yake ni nzito, na imenirudisha kwetu kulitafuta jibu.

Mimi ni mtu wa Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Ukitoka Morogoro mjini unapita Bigwa, unapita Kiroka, na mashamba ya migomba na mihogo yanaanza kuning'inia juu ya barabara. Barabara hiyo hiyo inaendelea hadi Matombo. Huku habari ya jembe si fumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wataalamu waliona udongo unaporomoka kwenye miteremko, wakaagiza watu wachimbe matuta ya ngazi. Utaalamu ulikuwa wa bure. Kazi nayo ilikuwa ya bure, kwa maana ya kwamba aliyechimba hakulipwa, na aliyekataa alitozwa faini. Yote kwa faida ya mkulima mwenyewe. Sehemu nyingi matuta yalifukua udongo mbovu wa chini na kuuweka juu, mazao yakapungua. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo matuta ya lazima yakaachwa.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye shamba letu limepita kwake maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, alikuwa mtoto wakati huo. Hasimulii risasi. Anasimulia kwamba wakubwa walikuwa wakiulizana jioni, "Hivi huyu bwana mwenyewe analima wapi?"

Rafiki yangu atasema mfano huu unamsaidia yeye, na kwa nusu ni kweli. Kule kulikuwa na faini, kwenye banda hakuna. Tofauti kati ya shuruti na kujitolea ni ile nafasi ya kusema hapana. Ila nafasi hiyo haitengenezwi kwa kukosekana polisi tu. Ili niseme hapana, au niseme ndiyo yenye uzito, lazima nijue nakubali nini. Kijana aliyeambiwa kwamba jembe ni ngazi ya kupandia kwenye ajira hajapewa jembe akalikubali. Amepewa ngazi ya kufikirika. Siku atakayogundua, hatakuwa na wa kumlalamikia, kwa kuwa saini ni yake mwenyewe. Katika hali fulani naona hiyo ni mbaya kuliko faini. Mwenye kutozwa faini angalau alijua adui ni nani, na alijua njia ya kwenda Matombo.

Kuna kujitolea kwingine ambako Mkuyuni bado kupo. Mtu ana shamba la kupalilia, anawaita wenzake, wanakuja na majembe yao, yeye anapika. Hakuna anayeandika, lakini kila mmoja anajua ni zamu ngapi anadai na ngapi anadaiwa, na ukikwepa zamu yako mara mbili, ya tatu utapalilia peke yako. Shamba la nani, linajulikana. Nani atakula, linajulikana. Ukiugua, watu wataelewa. Ujima haukusimama juu ya wema mtupu, ulisimama juu ya kumbukumbu.

Programu huria ina kumbukumbu pia, tena nzuri kuliko ya kijiji. Kila nyumba iliyochorwa kwenye OpenStreetMap inabeba jina la akaunti ya aliyeichora na tarehe. Kinachokosekana ni ule upande wa pili, wa kudaiwa. Waandishi wa programu wana msemo wao: aliyerekebisha kitu anapaswa kukirudisha "juu ya mto", kule kilikotoka, ili wote wa chini wanufaike. Huwa nacheka nikiusikia. Ruvu inapata maji yake kutoka milima yetu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam, pamoja na ule ukumbi wa mikutano. Miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu, huko huko Uluguru, kwa kuitunza ardhi inayolinda maji hayo, na mamlaka ya maji ya Dar es Salaam ikashirikishwa kama mnunuzi. Mtu akakaa chini, akahesabu, akasema: wa chini wanadaiwa na wa juu. Wazo hilo linawezekana, basi. Kwenye ramani bado ni heshima tu.

Sitaki nieleweke kwamba banda lifungwe. Ramani Huria, iliyoanza 2015, ilichorwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam wakishirikiana na wakazi, na leo mitaro na vichochoro vya kata zinazofurika vinaonekana kwenye ramani ambayo mtu wa Tandale anaweza kuifungua bila kuomba kibali. Mimi mwenyewe naendelea kuchora. Ninachopata si kazi wala jina. Napata raha fulani ya kuona njia ya miguu ninayoijua imekuwa mstari ambao mgeni anaweza kuufuata. Raha hiyo siwezi kumuahidi mtu. Kuna watu wataichora njia hiyo hiyo na wasihisi chochote zaidi ya maumivu ya mgongo.

Kwa hiyo siku hizi, zamu yangu ikifika, naweka mezani karatasi moja ya mkono karibu na stika. Imeandikwa kazi ni ya kujitolea, haina malipo, inakula bando, kampuni kubwa zinaitumia, na unaweza kuacha siku yoyote. Wenzangu wawili waliniomba niiondoe, wakasema inafukuza watu. Inafukuza baadhi, ni kweli. Niliwajibu kwamba hao ndio waliokuwa wanastahili kufukuzwa mapema kabla hawajachoka.

Mwaka jana, kwenye mkutano mdogo wa chuo, binti mmoja aliisoma karatasi ile yote, akarudia mstari wa mwisho kwa sauti. "Kaka, nikiacha, hamtanipigia simu?"

"Hatuna hata namba yako."

Akatazama daftari la majina, kalamu ikiwa juu yake, kisha akanitazama mimi. "Basi nionyeshe kwanza Turiani," akasema. "Mengine tutaona."